Kijicho Juu ya Kabati

Mazoezi yalikuwa yameisha kitambo. Kamba ya mpira ilikuwa imeshakunjwa, chupa ya mafuta ya kuchulia imeshafungwa, mashine ya presha imerudi mkobani. Lakini Nesi alikuwa bado amekaa kwenye kigoda mbele ya kiti cha Mzee Ramani, mkono wake umelala katikati ya viganja viwili vya mzee huyo. Nyumba ya pili mtu alikuwa anapigilia misumari kwenye mbao. Hata kelele ile mchana huo iliwapendeza.

"Baba," ikasema sauti ya mwanamke. "Mkono huo nao ni mazoezi ya mguu?"

Nesi aliuchomoa mkono wake kama aliyegusa jiko. Mzee Ramani akatazama mlangoni, akatazama dirishani.

"Mwanangu? Umefika saa ngapi?"

"Sijafika, baba. Niko kazini. Naongea kwenye kamera."

Wote wawili wakainua macho juu ya kabati la vitabu. Kilikuwa pale pale siku zote, kidude cheupe cha ukubwa wa yai, na kitaa cha kijani tumboni. Nesi alikuwa amekiona tangu siku yake ya kwanza katika nyumba ile. Miezi minne alikuwa akikipita kama mtu anavyoipita saa ya ukutani. Hakuwahi kufikiri kwamba kina mdomo.

Mzee Ramani alilipata jina lake katika ofisi ya upimaji, alikochora ramani kwa mkono miaka thelathini na minne, mpaka kompyuta zikamnyang'anya kalamu. Mkewe alifariki miaka tisa iliyopita. Mtoto wake ni mmoja tu, binti, mfamasia katika mji wa mbali, safari ya siku nzima. Mwaka huo mzee aliteleza bafuni asubuhi, mfupa wa paja ukavunjika, akalala sakafuni mpaka jioni. Binti alipiga simu mara ishirini na mbili bila kupokelewa. Aliyemkuta mzee ni msoma mita za maji, aliyesikia mtu anaguna ndani akavunja mlango.

Baada ya upasuaji binti alikaa na baba yake wiki tatu, kisha kazi ikamwita. Kabla ya kuondoka alifanya mambo mawili. Alimtafuta nesi mstaafu wa wodi ya mifupa aje kumfundisha baba yake kutembea tena, kila Jumanne na kila Alhamisi. Na juu ya kabati akaweka kamera. "Nikuone tu, baba," alisema, "nipate usingizi." Baba akakubali. Angekataaje?

Yeye binti ndiye aliyemleta Nesi. Hilo ndilo lililomuuma binti zaidi.

Maana mambo yalianza polepole, kama yanavyoanza kwa watu waliokwisha kuumizwa. Wiki za mwanzo ilikuwa ni "inua", "shusha", "usikaze meno, pumua". Kisha mzee akaanza kumwonyesha ramani zake za zamani, na Nesi akaanza kuchelewa kuondoka. Kisha Nesi akaona kwamba kila Jumatatu jioni anapiga pasi gauni la Jumanne mara mbili. Ana miaka sitini na mmoja. Alijicheka mwenyewe, lakini gauni alilipiga pasi.

Na Jumanne ya wiki hiyo alimwambia mzee jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Mtaa mzima ulimjua Nesi kuwa ni mjane. Alikuwa akiishi na mke wa marehemu kaka yake katika nyumba yenye geti la bluu, na watu waliwaita kwa pamoja Wajane wa Geti la Bluu. Ukweli ni kwamba mjane pale alikuwa mmoja. Mume wa Nesi hakufa. Alikwenda kufanya kazi mji mwingine, akapata mwanamke mwingine, akazaa naye, akamletea Nesi karatasi za talaka kwa mkono wa karani. Nesi alirudi kwao na sanduku moja, na kaka yake alipomuuliza, "Shemeji yuko wapi?" mdomo ukasema wenyewe, "Amefariki. Wenzake wamemzika huko huko." Siku tatu watu wakaja kumpa pole. Baada ya hapo neno likawa kubwa kuliko yeye. Miaka miwili baadaye kaka yake akafa kweli, wifi yake akalia kilio cha kweli, na Nesi akaona kwamba sasa haiwezekani tena kurudi nyuma.

Mzee Ramani alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpa pole wala hakumlaumu. Alisema tu, "Umebeba mzigo huu miaka ishirini, kwa mkono mmoja. Hata mimi na mguu wangu nina fremu ya kushikilia." Nesi akacheka huku analia, na siku hiyo ndipo mkono wake uliposhikwa kwa mara ya kwanza.

Sasa ilikuwa Alhamisi.

"Mwanangu," mzee alisema akikitazama kidude, "mgeni wangu yupo. Salimia kwanza."

"Nesi si mgeni, baba. Tulimwomba aje akusaidie kutembea."

"Na natembea. Jana nimefika jikoni na mkongojo mmoja."

"Nimeona. Sikatai uzungumze na watu. Lakini baba, uko peke yako, una huzuni, na mtu akikushika mkono unamfungulia moyo. Wewe unamjua huyu? Mtu aliyeweza kumzika mume aliye hai, atashindwa nini kukudanganya wewe?"

Fundi wa nyumba ya pili alikuwa bado anapigilia misumari. Nesi aliihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Hakujua la kufanya na uso wake, kwa kuwa popote alipougeuza, kile kijicho cha kijani kilikuwa kinauona.

"Zima hicho kitu," mzee alisema.

"Baba, nakwambia kwa ajili ya..."

"Zima."

Kitaa kikazimika. Chumba kikabaki na watu wawili, lakini Nesi hakuhisi tena kwamba ni wawili.

"Ulijua kwamba kinasikia?" aliuliza.

"Sikujua. Naapa kwa kaburi la mke wangu. Alisema ataniona, sikujua atanisikia."

"Miezi minne hukujua?"

Mzee alijipangusa uso. "Mwezi uliopita aliniuliza kikohozi kimeanza lini. Sikuwa nimemwambia. Nilidhani ameona mabega yanatikisika."

Siku nyingine Nesi angecheka. Alianza kufunga zipu ya mkoba, na zipu ikakwama kwenye kitambaa.

"Lakini kamera uliiona," mzee akasema kwa upole. "Taa yake inawaka tangu siku uliyoingia."

"Niliiona. Nikajua inakuangalia wewe, mgonjwa. Na mimi nikionekana, naonekana nikifanya kazi. Nimefanya kazi miaka thelathini mbele ya madaktari na ndugu wa wagonjwa, sina shida na hilo." Zipu ikakubali. "Sikujua kwamba Jumanne ile nilipoacha kuwa nesi, nikawa mtu, bado kuna aliyekuwa anatazama. Neno lile nilikupa wewe. Nililitoa moyoni, nikaliweka hapa mkononi mwako. Sasa liko kwenye simu ya mtu, dukani, kati ya wateja wa dawa za mafua."

"Nesi."

"Nyamaza, tafadhali. Kuta zako zina masikio kweli."

Alikuwa amefika mlangoni aliposikia kiti kinalia. Aligeuka. Mzee Ramani alikuwa amesimama bila mkongojo, mkono hewani, anatafuta pa kushika.

"Kaa chini," Nesi alisema. "Mguu wa kushoto hauko tayari."

Mzee akakaa. Nesi akasubiri mpaka amekaa sawasawa, mgongo umefika kitini. Ndipo akatoka.

Jumanne iliyofuata hakwenda. Alhamisi hakwenda. Wifi yake, mwanamke mnene mwenye maneno mengi na mikono isiyopumzika, alimwangalia anavyoosha sufuria moja mara tatu, akavumilia mpaka jioni ya siku ile ya pili.

"Kuna mtu amekuudhi kule kwa mzee," alisema.

"Kuna kamera. Nilisema neno langu la siri, mtoto wake akalisikia huko aliko. Limesafiri kwa waifai."

"Afadhali waifai. Lingesafiri kwa wifi, ungesema ni mimi."

Nesi alitabasamu bila kutaka. Alingoja wifi yake aulize ni neno gani. Mtaa huo kila mtu angeuliza. Lakini wifi alichukua ile sufuria mikononi mwake, akaipangusa, akaitundika.

"Huniulizi?"

"La kwako ni la kwako," wifi akasema. "Ila mzee wa watu anakaa na mguu wake. Amekosa nini yeye?"

Swali hilo Nesi alilala nalo, akaamka nalo. Mzee alikosa nini? Alikubali kutazamwa ili mtoto wake apate usingizi. Na mtoto alikosa nini? Simu ishirini na mbili bila jibu. Nesi aliwahi kuona watu wa namna hiyo wodini, wale wanaokaa mlangoni usiku na mchana, wakidhani wakipepesa macho mgonjwa atakufa. Aliwahi kuwahurumia. Kumhurumia huyu kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu huyu alikuwa na siri ya Nesi mfukoni.

Jumamosi asubuhi, kama saa nne, geti la bluu liligongwa. Wifi alikuwa uani anafua. Nesi alikwenda mwenyewe kufungua.

Mzee Ramani alikuwa amesimama nje na mkongojo mmoja, shati limemganda mgongoni, midomo imekauka. Kutoka kwake mpaka hapo ni mitaa mitano na kilima kimoja. Mara ya mwisho Nesi kumpima, alikuwa hajavuka uwanja wa nyumba yake.

"Umekuja na nani?"

"Na huu," akasema akiuinua mkongojo kidogo. "Tumepumzika mara saba. Ukuta wa shule, jiwe la fundi baiskeli, kizingiti cha kinyozi. Kinyozi alitaka kuninyoa kwa nguvu."

Nesi alimshika kiwiko upande wa kushoto, akamwingiza ndani hatua kwa hatua, akamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, akamletea maji. Alimtazama akinywa. Akapiga magoti, akaugusa mguu juu ya goti, kisha chini ya goti.

"Umevimba."

"Utapoa. Sikiliza kwanza."

"Nasikiliza. Nyoosha."

Basi mzee akasimulia huku mguu wake uko mikononi mwa Nesi. Kwamba Alhamisi ile, jioni, kitaa kilipowaka tena, alisimama akaigeuza kamera ikatazama ukuta. Hazikupita dakika nne, simu ikalia.

"Nikamwambia, mwanangu, mimi na mama yako tulipokuwa vijana, ungependa bibi yako awe amekaa juu ya kabati? Akasema hailingani, kwa sababu wakati ule nilikuwa sijaanguka. Nikamwambia, kumbe kosa langu ni kuanguka. Akaanza kulia. Nesi, mimi sikuwahi kumuuliza yeye siku ile aliipitishaje. Mimi nilikuwa sakafuni najua kwamba niko hai. Yeye alikuwa hajui. Alinieleza yote. Kwamba mpaka leo akipiga simu ikalia mara nne, mikono inakufa ganzi. Tumeongea mpaka sikio likaniuma."

"Mmekubaliana nini?"

"Nampigia mimi asubuhi na jioni. Na nitavaa kengele." Akavuta kamba shingoni, akaonyesha kitu kidogo cha duara. "Nikianguka nabonyeza, inalia kwake na kwa jirani. Nisipobonyeza, haijui hata kama napiga chafya. Kamera ameniambia mwenyewe niichomoe. Iko kwenye droo, na soksi."

Nesi aliendelea kuukanda mguu. "Na neno langu?"

Mzee aliirudisha kengele ndani ya shati.

"Hilo nilimwambia hivi. Nesi alinipa mimi. Wewe umeliokota. Ukiokota kitu cha mtu, unakirudisha. Akaniuliza, baba, siri inarudishwaje? Nikamwambia sijui, kamuulize mwenyewe."

Na simu ya Nesi ikalia. Si kwamba binti alikuwa amesubiri zamu yake. Alikuwa amepiga simu ya baba yake kwanza, na baba, kwa haraka ya kutoka, alikuwa ameiacha mezani nyumbani.

"Shikamoo," binti akasema. Miezi minne alikuwa hajawahi kumwamkia, ilikuwa ni habari za presha na vidonge tu.

"Marahaba."

"Nilikuwa nimejipanga nikupigie jioni nikiwa nimetulia. Nilitaka kukuomba radhi. Lile neno sijamwambia mtu, wala sitamwambia. Najua haitoshi."

"Haitoshi," Nesi akasema. "Ila nimekusikia."

"Ahsante." Sauti ikabadilika, ikawa ya mtoto. "Nakusumbua kwa jingine. Baba alinipigia asubuhi, tukaongea vizuri. Sasa nampigia hapokei. Mara sita. Nilikuwa nimezoea kufungua tu na kutazama. Sijui nifanye nini."

Mzee Ramani alinyoosha mkono aipokee simu. Nesi alimzuia kwa kidole.

"Yuko salama," alisema. "Simu ameisahau. Amekaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili iko sakafuni, amekunywa bilauri mbili za maji. Nimemkagua mwenyewe, sasa hivi."

Alimsikia binti anashusha pumzi, pumzi ndefu, kama mtu anayetua ndoo.

"Yuko wapi? Yuko kwa..." Kisha akajikata. "Hapana. Usinijibu. Hilo linatosha. Mwambie jioni anipigie."

Nesi aliiweka simu juu ya meza.

"Amesema nini?"

"Ameuliza uko wapi, kisha akaliacha swali lake njiani."

Mzee Ramani akatikisa kichwa taratibu. "Yule hajawahi kuacha swali tangu alipojua kusema." Akaitazama bilauri, akaizungusha mkononi. "Mimi nina langu. Nilikuwa nalo mitaa yote mitano, na ndilo lililonipandisha kilima."

"Uliza."

"Sitaki uje Jumanne na Alhamisi. Nataka usiwe unakuja. Nataka uwe unakaa. Utakavyotaka wewe, kwa taratibu zote, kwa kuulizwa mbele ya watu wako. Sina mengi. Nina nyumba, nina mguu mmoja na nusu, na mtoto mwenye mdomo."

Nesi aligundua kwamba bado amepiga magoti, na kwamba magoti yake nayo si ya juzi. Mzee akamshika mkono, wakasaidiana, akasimama. Walikuwa karibu kiasi cha kuona kila kunyanzi. Macho ya yule mzee yalikuwa yamezoea kutafuta mito midogo kwenye karatasi kubwa, na sasa yalikuwa yanautafuta uso wake, bila haraka, yakiomba ruhusa kila yanapopita. Nesi hakuyakimbia.

"Watu watasema," akasema.

"Waseme. Kuna nini wasichokijua?"

"Kuna kitu wasichokijua." Alivuta pumzi. "Nitakaa na wewe. Lakini sitaolewa nikiwa mjane. Mimi ni mtalaka. Watakaoniuliza nitawaambia, kwa mdomo wangu, siku nitakayotaka mimi. Wa kwanza nataka ajue leo."

Akamwachia mkono, akaenda mpaka mlango wa uani. Wifi yake alikuwa anakamua shuka, mikono imejaa povu.

"Wifi, acha hizo nguo kidogo. Njoo ukae, nina neno la kukuambia."

Wifi alikuja akijipangusa mikono. Alimwona mzee, akamsalimia kwa heshima zote, akakaa ukingoni mwa kochi. Nesi alibaki amesimama. Alikuwa amepanga kuanza mbali, na kaka yake, na sanduku moja, na karani. Yote yalimpotea.

"Mume wangu hakufa," alisema. "Aliniacha."

Wifi akaanza kukunjua mikono ya gauni lake iliyokuwa imepandishwa kwa ajili ya kufua, mmoja, halafu wa pili.

"Najua," akasema. "Kaka yako akiwa bado hai, nilikutana na huyo mumeo stendi, amembeba mtoto. Akanisalimia vizuri tu, marehemu wa watu."

Nesi alishika mgongo wa kiti. "Miaka yote hii? Na hukusema?"

"Niseme nini? Lilikuwa lako. Nilikuwa nasubiri uniambie." Akainuka, akamfuta wifi yake machozi kwa kiganja chenye harufu ya sabuni, kisha akamgeukia Mzee Ramani. "Na wewe mzee, umepanda kile kilima na mguu huo. Umekula?"